Kuchagua helmeti mpya ya pikipiki: mwongozo kamili, kuanzia futi ya fundi hadi mkanda wa kidevuni

Waendesha pikipiki wananiuliza swali moja kuliko mengine yote: "Ninunue helmeti gani?" Wanasubiri nitaje kampuni. Nami huwaomba kwanza wanioneshe waliyonayo, na mara nyingi tatizo linajionesha lenyewe. Kofia imemzidi mtu saizi moja au mbili. Ukiisukuma kidogo kwa nyuma, inashuka na kumfunika macho. Mkanda umefungwa fundo kwa sababu kifungio kilivunjika zamani, au unaning'inia tu kama kamba ya viatu. Mwenyewe alitoa hela yake halali na anaamini amejikinga.

Na mimi nimewahi kuvaa kofia ya namna hiyo. Nilinunua ya kupwaya kwa sababu dukani ilikuwa laini na haikunibana. Nilipoteleza kwenye mchanga, kwa mwendo ambao hata gia ya tatu sikuwa nimeingiza, kofia ilitoka kichwani kabla sijagusa chini. Niliiona ikibingirika mbele yangu. Nilipona kwa sababu nilitangulia kuangukia bega.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiwa na haraka, punguza muda kwenye hatua nyingine zote, lakini ya 5 na ya 6 usizipunguzie hata dakika.

## Andaa hivi kabla ya kwenda dukani

- Futi ya fundi cherehani. Ukiikosa, uzi usiovutika na rula.
- Karatasi ya kuandikia kipimo, au simu.
- Simu yenye tochi, kwa kusomea lebo za ndani ya kofia.
- Miwani yako, kama unavaa miwani ukiwa barabarani.
- Kitambaa chepesi cha kichwani, au hijabu unayovaa kila siku.
- Mtu wa kwenda naye. Kuna majaribio mawili ambayo peke yako utajidanganya.
- Saa moja isiyo na haraka. Usiende jioni ukiwa unawahi abiria.

Kuhusu hela: kama umepanga kununua pikipiki mpya, itenge ya helmeti mbili kabla hujalipia chombo, yako na ya abiria. Ukiisubiri ile itakayobaki, haitabaki.

## Hatua ya 1: Pima kichwa ukiwa nyumbani

Zungusha futi kichwani ikipita sentimita 2.5 hivi juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, na kwenye sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi. Ikaze iguse ngozi bila kuuma. Pima mara tatu na uchukue kipimo kikubwa kuliko vyote.

Saizi nyingi sokoni hufuata mpangilio huu:

- XS: sentimita 53–54
- S: sentimita 55–56
- M: sentimita 57–58
- L: sentimita 59–60
- XL: sentimita 61–62
- XXL: sentimita 63–64

Viwanda vinapishana kidogo, kwa hiyo soma pia kipimo kilichoandikwa kwenye lebo ya ndani ya kofia yenyewe. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, anza kujaribu ile ndogo. Sababu ni kwamba sponji za ndani zitalainika kwa matumizi na kofia itaachia kidogo. Kofia ikishapwaya haina njia ya kurudi.

Nywele. Pima zikiwa kama zinavyokuwa ukiendesha. Aliyesuka rasta nene hapimi kichwa kile kile alichokuwa nacho aliponyoa. Kama unabadili mitindo mara kwa mara, nunua kofia inayokukaa kwenye mtindo wa chini, kisha kwa siku za safari chagua misuko inayolala. Fundo la nywele utosini ni hatari: linainua kofia, linaacha paji la uso wazi, na nguvu ya kishindo inaishia sehemu moja.

Hijabu na kilemba. Kitambaa kimoja chepesi, kilicholala bila mikunjo, hakina shida. Toa pini zote za kichwani kabla ya kuvaa kofia. Kilemba kikubwa hakiingii chini ya helmeti. Kibebe kwenye mkoba ukakifunge ukifika.

Mzula. Wenzetu wa Njombe, Makete, Arusha na Limuru wanavaa mzula wa sufu chini ya helmeti kwa sababu ya baridi. Ukifanya hivyo, umeweka kitu laini kinachoteleza katikati ya kichwa na kofia. Baridi ikizidi, vaa kitambaa chepesi cha kubana na ufunike shingo kwa skafu fupi iliyochomekwa ndani ya koti.

Mwisho, mwombe mtu akupige picha ya kichwa kutoka juu. Kuna vichwa virefu, vyenye paji na kisogo vilivyosogea mbali, na kuna vya mviringo. Kofia ya saizi sahihi lakini ya umbo jingine itakubana mbele na kupwaya pembeni, au kinyume chake. Ndiyo maana watu wawili wenye sentimita 58 wanaweza kuhitaji kofia tofauti.

*Umefanikiwa ukiwa na:* namba moja ya sentimita, ile kubwa kati ya vipimo vitatu, na wazo la umbo la kichwa chako.

## Hatua ya 2: Amua aina

Inayofunika uso wote. Hii ndiyo ninayopendekeza kwa kila anayeendesha kila siku. Kidevu, taya na meno vipo mbele kabisa mtu anapoanguka kifudifudi, na hakuna kofia nyingine inayovikinga sawasawa.

Ya kukunja kidevu. Sehemu ya mbele inapandishwa. Inawafaa wenye miwani na wanaosimama mara kwa mara kuongea na abiria. Lakini iendeshee ikiwa imefungwa. Ikiwa wazi, kinga ya taya haipo, na wakati wa kuanguka upembe wake unaweza kuivuta shingo.

Ya uso wazi. Inafunika masikio na kisogo, inaacha uso. Ni nafuu kwa joto. Chukua hii ikiwa tu unajua unachokiacha nje.

Nusu kofia. Ile inayokaa utosini kama bakuli. Haikingi pembeni wala kisogo cha chini. Siishauri kwa yeyote.

Kofia ya ujenzi na ya baiskeli. Hizi si helmeti za pikipiki, hata kama askari amekupita bila kukusimamisha. Ya ujenzi imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka kutoka juu, na hutoka kichwani mara tu ukiinama.

Najua hoja ya joto. Dar, Tanga na Mombasa mwezi wa pili, ukisimama kwenye foleni jua la saa saba, kofia ya uso mzima inachosha kweli. Jibu lake ni matundu ya hewa yanayofunguka mbele na ya kutolea hewa nyuma, rangi nyeupe au nyingine ya kung'aa inayofyonza joto kidogo, na kufungua kioo ukiwa umesimama. Matundu yaangalie kwa tochi: kwenye kofia nyingi za bei ya chini yamechorwa tu juu ya ganda, hayatoboi hadi ndani. Rangi ya kung'aa ina faida ya pili. Dereva wa lori anaiona mapema zaidi usiku.

## Hatua ya 3: Soma alama, na ujue inakuambia nini

Stika ya nyuma ya kofia yeyote anaweza kuichapisha. Kwa hiyo tafuta alama zinazoendana na kitu cha kuhakiki.

ECE. Hii ni kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Toleo la 22.06 lilianza kutumika mwaka 2021 na kuchukua nafasi ya 22.05. Usiitafute nyuma ya kofia. Ipo kwenye lebo ya kitambaa iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Utaona herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E9 Hispania. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, kisha herufi. P inamaanisha kidevu kimekingwa na kupimwa. J inamaanisha kofia haina kinga ya uso wa chini. NP inamaanisha hicho kidevu unachokiona hakikingi. Kofia ya kukunja yenye P/J imepimwa kwa hali zote mbili.

Kofia yenye stika ya ECE nyuma lakini bila lebo kwenye mkanda, irudishe kabatini.

DOT. Ni ya Marekani, kanuni ya FMVSS 218. Kiwanda hujithibitishia chenyewe, na serikali hupima sampuli baadaye. Ndiyo maana stika hii inaigizwa kuliko zote. Stika halisi za miaka ya karibuni huwa na jina la kiwanda, neno la modeli, maandishi "FMVSS No. 218" na "CERTIFIED". Herufi tatu tupu za DOT hazithibitishi kitu.

ISI. Kofia nyingi madukani kwetu zinatoka India. Alama ya ISI huambatana na namba ya kiwango, IS 4151, na namba ya leseni inayoanza na CM/L. Namba hiyo unaweza kuihakiki kwa simu kupitia programu ya BIS Care ya shirika la viwango la India. Ikileta jina la kiwanda kingine, au kiwanda cha bidhaa nyingine, umeshapata jibu.

TBS na KEBS. Mashirika yetu ya viwango, la Tanzania na la Kenya. Kwa Kenya, namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS huhakikiwa kwa kutuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023.

Kwa nini kuhangaika na lebo? Kwa sababu unachokinunua ni lile jaribio lililofanywa kwa niaba yako. Katika kipimo cha msingi cha ECE 22.05, kofia yenye kichwa cha bandia ndani hupigwa kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kudondoka kutoka urefu unaokaribia mita 2.9. Toleo la 22.06 liliongeza vipigo vya mwendo wa chini na wa juu zaidi, pamoja na kipigo cha mshazari kinachopima jinsi kichwa kinavyozungushwa. Kilomita 27 kwa saa, ambayo ndiyo hiyo mita 7.5, zinaonekana chache, lakini kumbuka kichwa kikianguka kutoka usawa wa siti kinashuka kwenye lami kwa mwendo wa kudondoka, hata kama pikipiki ilikuwa inakimbia sitini. Ukigonga ukuta au lori uso kwa uso, hesabu ni nyingine, na hakuna kofia inayoahidi kulimudu hilo.

*Umefanikiwa ukiwa na:* angalau alama moja uliyoihakiki kwa lebo ya mkanda au kwa namba.

## Hatua ya 4: Kagua mwili wa kofia

Kofia ina tabaka tatu, na ile ya kati ndiyo inayookoa ubongo. Nje kuna ganda: plastiki ngumu, nyuzi za kioo, au kaboni. Katikati kuna povu gumu, la jamii ya lile jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni. Ndani kabisa kuna sponji na kitambaa, ambavyo ni vya kukupa raha tu. Ganda husambaza kishindo, povu hupondeka na kumpa ubongo sehemu chache za elfu za sekunde za kupunguza mwendo. Povu likishapondeka halirudi.

Sasa fanya hivi:

1. Vuta sponji pembeni na utafute povu. Kofia nyingi zina sponji zinazotoka kwa vibonyezo. Povu liwepo kote: utosini, mbele, nyuma na pembeni. Unene wa sentimita 2.5 hivi ni kawaida kwa kofia ya kweli. Nimeshika kofia ambazo ndani ya ganda kulikuwa na sponji ya godoro peke yake. Bonyeza kwa kidole: sponji inazama, povu la kinga halizami.
2. Pima uzito mkononi. Kofia ya uso mzima huwa karibu kilo 1.3 hadi 1.7. Iliyo na uzito wa nusu kilo imepungukiwa kitu. Iliyozidi sana nayo itakuchosha shingo.
3. Kagua ganda kwa tochi. Nyufa, viputo vya rangi, mshono uliofunguka. Bonyeza pande mbili kwa viganja. Lisinepe kama ndoo.
4. Vuta mkanda kwa nguvu zako zote, pande zote mbili. Ribiti zikicheza, iache. Kisha funga na kufungua kifungio mara kumi. Pete mbili za chuma ndizo imara zaidi na hazina cha kuvunjika. Shida yake ni kwamba mtu mvivu hazifungi. Kifungio cha meno ni chepesi na kinajirekebisha kila unapofunga. Kile cha kubonyeza ni chepesi zaidi kwa abiria, lakini urefu wake lazima urekebishwe mara ya kwanza.
5. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, kwenye lebo ya ndani au chini ya sponji. Kofia iliyokaa miaka kwenye dirisha la duka ikipigwa na jua imezeeka kabla hujaivaa.

Onyo: usinunue helmeti ya mtumba. Haina namna ya kukuonesha kama iliwahi kupigwa. Povu linaweza kuwa limepondeka chini ya ganda lisilo na mkwaruzo.

## Hatua ya 5: Ivae

Watu wanakosea hapa kwa sababu wanachagua helmeti kama wanavyochagua kapelo. Kapelo nzuri ni ile usiyoisikia kichwani. Helmeti mpya, sahihi, utaisikia, na muuzaji akikuona umekunja uso atakuletea kubwa zaidi ili uondoke umefurahi. Mkatalie kwa upole.

Shika mikanda yote miwili, itanue nje, na uingize kichwa kuanzia mbele. Iwe na ubishi kidogo kwenye masikio. Ikiingia bila kugusa kitu, imekuzidi. Ikikataa kabisa hata kwa kutanua mikanda, ni ndogo. Ikishakaa, usiiguse. Angalia mambo haya moja baada ya jingine:

Usawa. Ukingo wa mbele uwe juu kidogo ya nyusi. Upana wa vidole viwili vya paji ukibaki wazi, umeivaa nyuma sana au haikufai. Wengi wanaivaa imepanda utosini ili upepo upige uso. Wanaliacha paji wazi bila kinga.

Mashavu. Sponji za pembeni ziyasukume mashavu kidogo, kama mtu aliyeyabana kwa viganja. Jaribu kutafuna: uhisi unakaribia kujing'ata kwa ndani. Kwa kofia mpya hiyo ni sawa. Baada ya wiki chache sponji zitakufuata.

Utosi na kisogo. Uhisi mguso ule ule kote. Jaribu kupenyeza kidole kati ya paji na sponji. Kikipita kwa urahisi, kuna nafasi. Nafasi hiyo ndiyo inayokipa kichwa umbali wa kukimbia ndani ya kofia kabla hakijalikuta povu, na hapo povu linapokea kichwa chenye kasi badala ya kukituliza tangu mwanzo.

Ngozi. Shika kofia kwa mikono miwili, izungushe taratibu kushoto na kulia bila kugeuza shingo. Ngozi ya paji na mashavu isogee pamoja nayo. Kofia ikiteleza juu ya ngozi na pua yako ikabaki inatazama ukuta wa ndani, imekuzidi. Rudia juu na chini.

Miwani. Ivae ukiwa na kofia kichwani. Miguu yake ipite bila kukandamizwa. Kuna kofia zenye mfereji wa miwani kwenye sponji, ziulizie.

Macho. Tazama mbele, kisha geuza macho tu kulia na kushoto. Uone pembeni hadi karibu na bega bila ukingo wa kofia kukatiza. Uliyeendesha Ubungo saa kumi na mbili jioni unajua bajaji inatokea upande gani.

Kama kofia inabana mbele tu, au pembeni tu, rudi kwenye ile picha ya kichwa uliyopigwa. Usipande saizi. Badili modeli. Ni kosa la kawaida mno: mtu anabanwa paji la uso, anachukua kubwa, paji linapona na kofia nzima inakuwa ndoo.

*Umefanikiwa ukiwa na:* kofia inayokukumbatia kichwa chote kwa nguvu moja, isiyokuuma mahali pamoja.

## Hatua ya 6: Jaribu kuivua kwa nguvu

Sasa ndipo unapomhitaji uliyekwenda naye.

Funga mkanda. Chini ya kidevu vipite vidole viwili, si zaidi, vikiwa vimebanana. Ukipiga miayo, mkanda uvute kofia chini kichwani.

Inamisha kichwa mbele kidogo. Mwenzako ashike ukingo wa nyuma, chini kabisa, na kuusukuma juu na mbele kama anayetaka kuifunua. Afanye kwa nguvu ya kweli lakini taratibu, asije akakutegua shingo. Kofia inyanyuke kidogo na kugoma. Ikivuka macho, au ikitoka, haikufai hata kama ina lebo zote za Hatua ya 3.

Kisha arudie kwa mbele: ashike sehemu ya kidevu na kusukuma juu na nyuma. Paji lisifunuke lote.

Jaribio hili ndilo lililowashangaza watu wengi niliowahi kulifanya nao kijiweni. Safu ya madereva sita au saba, kila mmoja na kofia yake, na nyingi zinavuka pua mikanda ikiwa imefungwa. Uchambuzi wa tafiti wa Cochrane wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti humpunguzia mwendesha pikipiki aliyepata ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia inayobingirika mbele yako kwenye mchanga haikupi hata moja.

Onyo: muuzaji akikataa jaribio hili kwa kuogopa kofia yake, nenda duka la pili. Kariakoo ya Dar na Kirinyaga Road ya Nairobi hazina uhaba wa maduka.

## Hatua ya 7: Kaa nayo dakika ishirini

Ukiwa umeivaa na kuifunga, tembea dukani, ongea na watu, piga stori. Kubanwa kwa jumla kutapungua kadiri unavyokaa. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni nukta moja inayoanza kuuma, kwa kawaida kwenye paji au juu ya masikio.

Baada ya muda huo ivue na ujipapase. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee kioo. Pitisha ncha za vidole kwenye paji. Ukikuta sehemu iliyobonyea na yenye maumivu, au kichwa kimeanza kugonga, umbo la kofia si lako. Dakika ishirini za leo zitakuwa saa nane za kesho.

## Hatua ya 8: Kioo

Nunua yenye kioo cheupe. Cheusi kinapendeza mchana, lakini usiku kwenye barabara isiyo na taa utakifungua kila wakati na kula vumbi na wadudu, au utaendesha hujui lililo mbele. Kama macho yako hayavumilii jua, chagua kofia yenye kioo kidogo cha ndani cha kivuli kinachoshuka na kupanda, au nunua kioo cheusi cha akiba.

Kifungue na kukifunga mara kadhaa. Kisimame pale unapokiacha. Kikishuka chenyewe sasa, kitashuka ukiwa kwenye kona. Funga kabisa na upulize pumzi nzito: kikijaa ukungu papo hapo bila kuondoka, matundu ya mdomoni hayafanyi kazi, na msimu wa masika utateseka. Uliza pia kama vioo vya modeli hiyo vinauzwa peke yake. Kioo kilichojaa mikwaruzo hugeuza taa ya gari linalokuja kuwa ukuta wa mwanga.

## Kofia ya abiria

Sheria ya Tanzania na ya Kenya inamtaka abiria naye avae. Sababu ninayoisikia kila mara ya kukataa ni usafi: jasho la watu, mapunye, mafuta ya nywele. Ni hoja ya haki na inatatulika. Nunua kofia ambayo sponji zake zinatoka na kufuliwa, zifue kila wiki, na weka kwenye boksi vifuniko vyepesi vya kichwani vya kutumia mara moja. Abiria akipewa kifuniko safi, wengi huvaa bila kubembelezwa.

Kwa saizi, L moja haimtoshi kila mtu. Ukiweza, M na L, zote za kifungio cha kubonyeza, kwa sababu utakuwa unamfunga mtu asiyejua. Mfungie wewe mwenyewe, muulize kama unambana, ndipo uwashe.

Mtoto anahitaji kofia ya kipimo cha mtoto, na inayopita jaribio la Hatua ya 6. Ya baba yake iliyojazwa kitenge ndani haimkingi. Kama haipo inayomkaa, mpandishe daladala.

## Ukishanunua

Kwa siku chache za kwanza ivae safari fupi fupi hadi sponji zikuzoee. Mambo manne yaliyobaki ni ya kila siku.

Usiitundike kwenye saiti mira. Ncha ya kioo hubonyeza povu kutoka ndani, mahali pale pale kila siku, hadi kunatokea shimo chini ya kitambaa. Itundike kwa mkanda kwenye usukani, au iweke kwenye siti ikiwa imetulia.

Usiifute kwa petroli wala thina. Petroli inayeyusha lile povu, na inadhoofisha ganda la plastiki bila kuacha alama. Ukitaka ushahidi, dondoshea petroli kidogo kwenye povu la boksi la televisheni, mbali na moto, uone linavyonywea. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto, anika kivulini. Kwa sababu hiyo hiyo usiipake rangi ya kupuliza wala usiijaze stika za gundi kali.

Andika kwa kalamu ya wino wa kudumu, kwenye karatasi uliyoibandika chini ya sponji: tarehe ya kununua, jina la kwanza na namba ya mtu wa kupigiwa.

Ibadili baada ya miaka 5, au mapema zaidi sponji zikishalegea na kofia ikafeli jaribio la Hatua ya 6. Ikipigwa kwenye ajali kichwa kikiwa ndani, ibadili siku hiyo hiyo hata kama haina mkwaruzo. Na kabla ya kuitupa, chukua mkasi ukate mkanda pande zote mbili. Kofia nzima ikionekana jalalani haikai hata siku moja. Itaoshwa, itang'arishwa, na wiki ijayo itakuwa kichwani kwa kijana aliyeinunua akidhani ni nzima.